Kiti Kilichoachwa Wazi: Uchambuzi wa Kisa cha Ndege LAM 470

Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2013, saa 5:26 asubuhi, ndege ya shirika la LAM la Msumbiji iliruka kutoka Maputo kwenda Luanda ikiwa na abiria 27 na wafanyakazi 6. Ilikuwa Embraer 190 iliyokuwa na mwaka mmoja tu kazini, na siku moja kabla ya safari hiyo ilikuwa imefanyiwa ukaguzi. Kama saa mbili baadaye, ikiwa futi 38,000 katika anga ya Botswana, ilianza kushuka bila taarifa yoyote kwa waongozaji wa ndege walio ardhini. Mabaki yake yalipatikana kesho yake ndani ya mbuga ya Bwabwata, kaskazini-mashariki mwa Namibia. Hakunusurika hata mmoja.

Abiria waliokufa walikuwa Wamsumbiji 10, Waangola 9, Wareno 5, na Mfaransa, Mbrazili na Mchina mmoja mmoja. Hapa Nairobi kisa hiki hakitajwi sana. Mazungumzo yakigusa rubani aliyejifungia ndani, watu hukimbilia Germanwings, ndege ya Kijerumani ambayo rubani wake msaidizi aliiangusha kwa makusudi kwenye milima ya Alps mwaka 2015. Kwetu, LAM 470 ndiyo iliyo karibu. Aina hiyo ya ndege ndiyo Kenya Airways inayoitumia kutoka Jomo Kenyatta kwa safari nyingi za ukanda huu. Njia zinafanana, idadi ya wahudumu inafanana, na tabia za kazini zinafanana. Zaidi ya hayo, LAM 470 ilitangulia. Dunia ilikuwa na miezi kumi na sita ya kujifunza kutoka Bwabwata kabla ya Alps, na haikujifunza.

Vinasa vilisema nini

Uchunguzi uliongozwa na Namibia, kwa kuwa ndiyo nchi ajali ilikotokea. Ndivyo mkataba wa kimataifa wa uchunguzi unavyotaka. Msumbiji ilishiriki kama nchi ya shirika, Brazili kama nchi iliyotengeneza ndege. Vinasa viwili vilipatikana, cha data za safari na cha sauti za chumba cha marubani, navyo ndivyo vilivyofunga mjadala.

Rubani msaidizi aliomba kwenda msalani. Alikuwa kijana wa miaka 24 mwenye saa zaidi ya 1,400 angani. Nahodha alikuwa na miaka 49 na saa zaidi ya 9,000. Rubani msaidizi akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake. Baada ya hapo kinasa data kinaonyesha kwamba kitufe cha kuchagua kimo kilizungushwa mara tatu, na mara ya mwisho kikaachwa kwenye futi 592. Ardhi ya eneo lile iko zaidi ya futi 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, ndege iliagizwa kwenda mahali palipo chini ya udongo. Nguvu ya injini ilirudishwa hadi chini kabisa. Kasi ilichaguliwa kwa mkono, karibu na kikomo cha juu ambacho ndege inaruhusiwa kufikia. Mkono wa breki za hewani, yaani yale mabamba yanayoinuka juu ya mabawa ili ndege ishuke haraka, ulivutwa na ukabaki hivyo hadi mwisho wa kurekodi. Muda wote huo otopailoti, yaani mfumo unaoirusha ndege kwa kufuata maagizo uliyowekewa, ilikuwa kazini.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalobeba uzito wa uchambuzi. Mtu aliyezimia hazungushi kitufe cha kimo mara tatu. Ndege yenye hitilafu ya usukani haishuki kwa utulivu huku otopailoti ikitekeleza kila agizo inalopewa. Moshi chumbani, kupasuka kwa kioo, kukosa hewa: yote hayo yana mpangilio wake wa dharura, na yote huanza na rubani kuvaa barakoa ya oksijeni na kuwaambia waongozaji kwamba anashuka. Hapa hapakuwa na tangazo. Kinasa sauti kilinasa milio ya tahadhari na mtu akigonga mlango tena na tena kutoka nje. Ndege ilishuka kwa mwendo wa takriban futi 6,000 kwa dakika. Gawanya futi zipatazo 35,000 kwa mwendo huo, utapata dakika sita hivi za kugonga.

Ripoti ya mwisho, iliyotolewa mwaka 2016, ilichagua maneno yake kwa uangalifu. Ilimwita nahodha “mtu anayeaminika kuwa nahodha”, kwa sababu vinasa vya sauti havionyeshi sura. Ilieleza chanzo kuwa ni amri zilizoingizwa kwenye mifumo ya ndege na mtu huyo aliyebaki peke yake. João Abreu, aliyekuwa mkuu wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Msumbiji, alikuwa ameshazungumza waziwazi zaidi Desemba 2013, akisema vitendo vile vilionyesha nia. Sisi tunaona njia ya ripoti ndiyo sahihi. Kazi ya mchunguzi ni kuonyesha mkono ulifanya nini. Kilichokuwa moyoni mwa mtu hakirekodiwi, na mkaguzi anayejifanya anakijua huwapa watu nafasi ya kuikataa ripoti nzima.

Halafu ripoti inataja jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Kampuni ilikuwa na utaratibu ulioandikwa kwamba chumba cha marubani hakiachwi na mtu mmoja. Rubani mmoja akitoka, mtu mwingine huingia. Siku ile utaratibu haukufuatwa, na kutofuatwa kwake kumeorodheshwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Sheria ilikuwepo kwenye kitabu. Kiti kikabaki wazi.

Mlango ulivyofikia hapo

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye nguvu zake hakuweza kuingia kwa dakika sita, lazima turudi nyuma, na safari ya kurudi inapitia Nairobi.

Alfajiri ya tarehe 29 Desemba 2000, Boeing 747 ya British Airways, safari namba 2069 kutoka Gatwick kuja Jomo Kenyatta, ilikuwa juu ya Sudan ikiwa na abiria 379 na wafanyakazi 19. Abiria mmoja aliyekuwa amechanganyikiwa, akiamini kwamba watu wanataka kumuua, aliingia chumba cha marubani na kung'ang'ania usukani. Nahodha William Hagan alikuwa ametoka kwenda kupumzika. Ndege ikainua pua, ikapoteza mwendo, ikaporomoka maelfu ya futi, huku rubani msaidizi Phil Watson akishindana na mtu yule. Hagan alirudi mbio, na kwa msaada wa abiria wakamng'oa. Ndege ilitua Embakasi na watu wote wakiwa hai, wachache tu wakiwa wameumia.

Watu husimulia kisa hicho kama sababu ya kufunga milango, na ni kweli, mlango uliofungwa ungemzuia yule abiria. Lakini kitazame tena kutoka upande wa pili. Mlango uleule uliomruhusu mshambuliaji kuingia ndio uliomruhusu nahodha kuingia kuokoa ndege. Kama ungekuwa umefungwa kwa ndani baada ya mtu mbaya kuingia, Watson angekufa akipigana peke yake na wengine 397 wangekufa pamoja naye.

Miezi tisa baadaye yakaja mashambulizi ya Septemba 2001, na dunia ikachagua. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2003, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilitaka kila ndege ya abiria yenye uzito wa juu wa kurukia unaozidi kilo 45,500 au yenye viti zaidi ya 60 iwe na mlango unaohimili risasi za silaha ndogo, vipande vya guruneti na mtu anayeuvunja kwa nguvu. Mlango ufungwe tangu milango ya nje inapofungwa hadi abiria wanapoanza kushuka, isipokuwa kumpitisha mtu aliyeruhusiwa. Marubani wawe na uwezo wa kuufunga na kuufungua wakiwa vitini, na wawe na njia ya kuona nani amesimama nje.

Mlango wa aina hii una kibao cha namba upande wa abiria. Kuna njia ya kawaida ya kubisha, na kuna namba ya dharura kwa ajili ya siku ambayo marubani wote wawili wamezimia. Ikiingizwa namba ya dharura, ndani hulia mlio. Kwenye Airbus A320 mlio huo hudumu sekunde 15, kisha mlango hufunguka kwa sekunde chache. Ila aliye ndani, akiwa macho, ana swichi ya kukataa, nayo huzima kibao kile kwa dakika kadhaa. Ni lazima awe nayo. Vinginevyo mtekaji angemwekea mhudumu kisu shingoni, apewe namba, aingie. Mlango umeundwa kumwamini aliye ndani kuliko yeyote aliye nje. Ukiwa na imani hiyo kwa watu wawili, ni ulinzi. Ukiwa nayo kwa mtu mmoja, usalama wa watu wote umekabidhiwa kwa hali ya akili yake ya siku hiyo.

Chini ya miezi mitatu baada ya Bwabwata, tarehe 17 Februari 2014, rubani msaidizi wa Ethiopian Airlines alisubiri nahodha aende msalani, akafunga mlango na kuipeleka Boeing 767 iliyokuwa ikienda Roma hadi Geneva, akaomba hifadhi. Watu 202 walitoka salama kwa sababu moja tu: alitaka kutua. Tarehe 24 Machi 2015 Germanwings ikafuata, watu 150. Visa vitatu katika miezi kumi na sita, na katika vyote vitatu mmoja wa marubani yuko nje ya mlango akitaka kurudi ndani.

Mtu wa pili anaingia kufanya nini

Hapa ndipo tunapotofautiana na jinsi suala hili linavyofundishwa mara nyingi. Wahudumu wengi wakiulizwa kwa nini wanaingia chumbani rubani anapotoka, husema wanakwenda kumwangalia rubani aliyebaki. Wengine husema ni kwa ajili ya rubani akizimia. Jibu la pili lina ukweli. La kwanza linawatisha bure, na linawafanya waone haya kumkumbusha nahodha, kana kwamba wanamshuku.

Kazi ya mtu wa pili ni kuufungua mlango. Basi. Hategemewi kupigana na mtu, hategemewi kurusha ndege, hategemewi kujua kitufe cha kimo kimewekwa wapi. Anategemewa kukaa karibu na mlango, mahali ambapo mkono wake unafika kwenye komeo kabla ya mtu aliyefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele kuinuka. Kwa ndani mlango hufunguliwa kwa mkono, bila kutegemea umeme wala namba. Kama mtu wa namna hiyo angekuwa ndani ya LAM 470, yule kijana aliyekuwa akigonga angekuwa ndani kabla ndege haijashuka futi elfu chache, akiwa na maelfu ya futi za kuinyoosha.

Ukishaelewa kazi hiyo, hatua zake zinajipanga zenyewe. Rubani anayetaka kutoka hupiga simu ya ndani kwa mhudumu mkuu. Hafungui mlango kwanza. Mhudumu mkuu huhakikisha msala wa mbele hauna mtu, hufunga pazia, na mhudumu mmoja husimama akizuia njia, au toroli huwekwa kukatiza ujia huku breki zake zikiwa zimekanyagwa. Rubani huchungulia kwenye tundu au kwenye kamera. Mhudumu huingia, ndipo rubani atoke. Mpangilio huo haupinduliwi. Makosa mengi hutokea hapa: rubani hutoka, mlango unajifunga kwa uzito wake, mhudumu yuko bado anamalizia kumpa abiria kahawa, na kwa sekunde arobaini au dakika nzima mtu mmoja yuko peke yake. Sekunde arobaini zinatosha.

Akiwa ndani, mhudumu hakai kwenye kiti cha rubani aliyetoka. Atagusa kitu, na pia atakuwa amejifunga mbali na mlango. Kwenye Embraer 190 kuna kiti cha ziada cha kukunja nyuma ya viti vya marubani. Akae hapo au asimame akiwa ameshika mpini, uso wake ukiwa upande ambao anaona tundu la kuchungulia. Asichukue simu yake. Anapaswa kujua mambo manne kwa mikono yake, si kwa kusoma: komeo la ndani linafunguliwaje, swichi ya mlango iko wapi na ina nafasi ngapi, barakoa ya oksijeni ya kiti cha ziada inavaliwaje, na simu ya ndani inaitaje kabini. Mazoezi haya hayahitaji mashine ya bei kubwa. Yanafanyika kwenye ndege halisi iliyoegeshwa, usiku, dakika kumi na tano kwa kila mhudumu.

Rubani akirudi, hupiga simu ya ndani kutoka kituo cha wahudumu. Mhudumu aliye ndani humwangalia kwanza kwenye tundu, kisha hufungua. Hatoki hadi aliyerudi ameketi na kufunga mkanda.

Ugumu uko kwenye hesabu ya watu. Kanuni za kawaida hutaka mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Embraer 190 za Kenya Airways zina viti 96, kwa hiyo kima cha chini ni wahudumu wawili. Ikipangwa kwa kima hicho, mmoja akiwa ndani na mwingine amesimama kuzuia njia, kabini nzima haina mtu. Abiria akianguka kifafa safu ya 20 katika dakika hizo, nani anakwenda? Shirika linalotaka utaratibu huu uishi linapaswa kupanga watatu, au likubali kwamba utavunjwa kila mara kabini inapokuwa na shughuli, hasa kwenye safari fupi kama ya Mombasa ambapo wahudumu wana dakika chache tu za kugawa vinywaji na kukusanya takataka. Anayepanga ratiba ofisini ndiye anayeamua kama kiti kitabaki wazi, hata kama jina lake halitaonekana kwenye ripoti yoyote.

Kuna kizuizi kingine cha kiungwana. Nahodha mwenye saa elfu tisa anamwambia mhudumu wa miezi sita, “Baki tu, dada, anakwenda dakika moja.” Nani atabisha? Kwa malezi yetu mdogo hamkatalii mkubwa mbele ya watu. Ndiyo maana hatupendi utaratibu unaomtegemea mhudumu kukumbusha. Mzigo uwekwe kwa rubani anayetoka: yeye ndiye asiyeruhusiwa kuvuka kizingiti hadi mwingine amevuka kuingia. Anayebaki hana la kusema, na mhudumu hana wa kumkatalia.

Ulaya walipolegeza

Siku tatu baada ya Germanwings, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya ulipendekeza watu wawili chumbani wakati wote. Mwaka 2016 uliyaachia mashirika yapime yenyewe, na mwaka 2017 mashirika ya kundi la Lufthansa yakaacha utaratibu huo. Hoja zao si za kupuuza. Kila mtu anapoingia, mlango hukaa wazi muda mrefu zaidi, na nje kunaweza kuwa na mtu anayesubiri. Mhudumu mpya huchunguzwa kidogo kuliko rubani. Na rubani aliyeazimia, akiwa na mwili wenye nguvu, anaweza kumshinda mhudumu.

Hoja ya tatu hatuikubali. Inapima utaratibu kwa mapigano, wakati kinachohitajika ni komeo kuvutwa mara moja. Ya kwanza ni nzito, na dawa yake ni kizuizi cha pili mbele ya mlango. Marekani imeamua ndege mpya za abiria zije nacho kiwandani. Ya pili hutatuliwa na uchunguzi bora wa wahudumu, ambao mashirika yanapaswa kuufanya hata bila sababu hii. Tena Ulaya walilegeza wakiwa wamejenga kitu kingine badala yake: kanuni za mwaka 2018, zilizoanza kutumika Februari 2021, zinazotaka tathmini ya kisaikolojia kabla ya rubani kuanza safari za shirika, vipimo vya kushtukiza vya pombe na dawa, na mpango wa marubani kusaidiana. Shirika la ukanda wetu likiiga kulegeza bila kuiga kujenga, limechukua nusu ya dawa.

Kabla ya mlango

Mlango ni mstari wa mwisho. Aliyefika hapo ameshapita vituo vingi ambavyo vingeweza kumsimamisha kwa upole.

Uchunguzi wa LAM 470 ulieleza maisha ya nahodha kwa ufupi. Talaka iliyokuwa haijaisha. Mwana wa kiume aliyefariki mwaka mmoja hivi kabla, katika kifo kilichoshukiwa kuwa cha kujiua. Binti aliyefanyiwa upasuaji wa moyo. Tunayataja kwa tahadhari. Marubani wengi wamezika watoto, wameachana na wenzi, na wanarusha ndege salama hadi wanastaafu. Huzuni si utambuzi wa hatari. Lakini ni sababu tosha ya mtu kuulizwa hali, kupewa muda, na kuonana na daktari bila kupoteza chochote.

Na hapo ndipo mfumo unapogoma. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho rubani wa shirika hukihuisha kila mwaka kwa kawaida, hupima vizuri kile kinachopimika: macho, masikio, moyo, shinikizo la damu, mkojo. Kuhusu akili, daktari huuliza maswali na rubani hujaza fomu. Rubani anajua kwamba akiandika “ndiyo” panapouliza kuhusu sonona au mawazo ya kujiua, cheti kinasimama siku hiyo. Cheti kikisimama, posho za safari zinakoma. Mkopo wa mafunzo, ambao hapa Kenya ni mamilioni ya shilingi na mara nyingi umebeba hati ya shamba la mzazi, haukomi. Kwa hiyo anaandika “hapana”. Rubani msaidizi wa Germanwings alikuwa na barua ya daktari ya kupumzika inayoihusu siku ileile ya ajali. Mwajiri wake hakuiona kamwe.

Kenya kulikuwa na kizuizi kingine juu ya hicho. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Fikiria rubani aliyelelewa chini ya sheria hiyo. Kukiri kwa daktari kulikuwa kukiri mambo mawili kwa mpigo: ugonjwa unaochukua leseni, na wazo ambalo hatua yake inayofuata ni kosa la jela. Hofu ya namna hiyo haiishi siku hukumu inaposomwa.

Kinachofanya kazi mahali pengine kinajulikana. Rubani huzungumza kwanza na rubani mwenzake aliyefunzwa kusikiliza, si meneja, si daktari wa leseni. Mazungumzo hayaandikwi kwenye faili la ajira. Nyuma ya wasikilizaji yuko mtaalamu wa afya ya akili anayewashauri bila kujua majina hadi inapolazimu. Siri ina mpaka mmoja, nao husemwa mwanzoni kabisa: pakiwa na hatari ya wazi kwa maisha, mtu anaondolewa kwenye ratiba. Marekani, tangu mwaka 2010, huruhusu marubani wanaotumia baadhi ya dawa za sonona kurudi kazini baada ya uchunguzi wa mmoja mmoja. Rubani anayejua kwamba kuna njia ya kurudi ana sababu ya kusema ukweli.

Yote hayo hayasimami bila pesa. Mpango wa kusikilizana bila bima ya mapato utatumiwa na wale wenye shida ndogo tu. Mwenye shida kubwa atakaa kimya kwa sababu ndiye mwenye cha kupoteza. Shirika likihakikisha mshahara na wastani wa posho kwa miezi sita ya matibabu, gharama yake ni ndogo hata ikilinganishwa na injini moja. Hili ni suala la kuwekwa kwenye makubaliano ya pamoja kati ya shirika na chama cha marubani, likiwa na tarakimu, si kwenye hotuba ya siku ya usalama. Na rubani au mhudumu anayesoma hapa akiwa na uzito wake mwenyewe leo, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo, na haina uhusiano wowote na leseni.

Kwa meneja wa marubani kuna jambo dogo la kufanya kesho. Rubani akifiwa na mtoto au mwenzi, asirudishwe kwenye ratiba kwa ujumbe wa simu. Akutane na mtu ana kwa ana kabla ya safari ya kwanza, aulizwe analala saa ngapi, nani yuko naye nyumbani, na kama yuko tayari. Tena baada ya miezi mitatu, wakati waombolezaji wote wameshaondoka.

Wilson

Ndege nyingi zinazoruka kutoka Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi, haziguswi na kanuni ya mlango. Caravan, ndege ndogo ya injini moja inayopeleka watalii Mara, haina mlango wa marubani kabisa, na mara nyingi ina rubani mmoja. Hapo hakuna mtu wa pili wa kuingia, na yote yaliyosemwa kuhusu komeo hayana kazi. Kinachobaki ni afya ya rubani na mwajiri anayemjua. Kampuni ndogo ina faida moja katika hilo: mwenye ndege huwaona marubani wake kila asubuhi. Hasara yake ni kwamba rubani akipumzishwa wiki mbili hakuna wa kushika nafasi yake, na safari zimeshauzwa.

Jinsi ya kukagua

Kwa ndege kubwa, mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga anayetaka kujua kama utaratibu unafuatwa ana tatizo la pekee. Akipanda na kuketi kwenye kiti cha ziada, yeye mwenyewe ameshakuwa mtu wa pili. Rubani akitoka, chumba hakibaki na mtu mmoja, na hakuna kilichopimwa. Ukaguzi wa aina hiyo ungeipa LAM alama kamili.

Ukaguzi wa kweli hufanyika kwenye kabini. Mkaguzi aketi safu ya kwanza, pembeni ya ujia, bila wafanyakazi kujua ni nani, akiwa na saa. Aandike mambo matatu kila mlango unapofunguka: nani alivuka kwanza, njia ilizuiwa na nini, na mlango ulikaa wazi sekunde ngapi. Afanye hivyo kwenye safari fupi yenye abiria wengi, siyo ile ndefu ya usiku ambapo kila mtu ana muda. Kisha, ndege ikishatua na abiria wakishashuka, amchukue mhudumu mdogo kuliko wote hadi chumba cha marubani, afunge mlango, na amwombe aufungue.